Bati la biskuti nililolifunga mimi

Shoga, yale maneno ya jirani kwamba binti yangu amepata mama mwingine kwa yule fundi redio wa kike anayemfundisha kazi yalinikaa kooni wiki nzima.

Wivu ukanipanda. Juzi binti anaunganisha transfoma ndani ya bati la biskuti, atengeneze spika, nikamwambia lete, hata mimi najua. Waya mmoja wa rangi ya kijani na njano nikauona umezidi, nikaukata. Viungo nikavifunga kwa selotepu.

Leo nimemfuata huko kwa fundi. Nimesimama mlangoni, hawajaniona. Fundi kachomeka, kagusa bati kwa tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, taa yake ikawaka. Kachomoa plagi, kafungua: selotepu imeachia, waya wa umeme umelalia bati. Bati zima lilikuwa na umeme, shoga. Bati zima.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi mwenyewe, mama fundi."

Mimi mwenyewe! Mtoto ananisitiri mimi, na huyo ndiye anamwita mama.

Nikaingia nikasema ni mimi. Nilingoja anicheke. Kanivutia kiti tu: "Kaa, mama mtu, nikuonyeshe na wewe." Nimekaa, nimeonyeshwa, na roho bado inaniuma.

Mwanao naye anachezea hayohayo, kwa hiyo shika haya:

Asikate waya wa kijani na njano, ule ni wa ethi, unafungwa kwenye bati lenyewe ili umeme ukivuja uende ardhini.
Asifunge viungo kwa selotepu.
Asiunge transfoma bila fyuzi.
Asifungue bati kabla ya kuchomoa plagi.
Na wewe usiguse usichokijua kwa ajili ya wivu.