Miti ya Chemchemi Inatakiwa Barabarani

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, juu ya Soni, na naomba msaada wako mapema kama inawezekana, kwa maana jambo lenyewe lina siku yake na siku hiyo inakuja.

Mimi ni mwalimu wa kilimo katika shule ya msingi, na mwalimu mkuu wa shule hiyo ni mume wangu, kwa hiyo shuleni namwita Mwalimu Mkuu, nyumbani namwita Baba Klara, na siku hizi tukiwa njiani kati ya shule na nyumbani simwiti kitu. Tangu tuambiwe shule zijitegemee, mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo, nikawafundisha watoto waulize kwanza kabla ya kutupa kitu chochote, basi majani ya kabichi yanayotupwa sokoni tunayabeba vichwani na kuyafanya mboji, majivu ya jiko la uji yanaenda kwenye vitunguu, daftari linaandikwa mpaka kwenye jalada, na maji ya kunawa mikono hayamwagwi, yanakusanywa kwenye ndoo kwa ajili ya miche, ambayo tuliiotesha kwenye magome ya migomba na makopo ya maziwa tuliyookota.

Miche hiyo ni mikuyu, na tuliipanda kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi inayochotwa na kijiji kizima, maana ilikuwa ikikauka kila kiangazi tangu mteremko ulimwe kabichi mpaka ukingoni, na aliyekuwa akilima pale ni Mama Mwanamisi, jirani yangu, mtu mzima ambaye namwamkia shikamoo, nami nilimwendea mwenyewe nikamwomba akiache kile kishamba, akasema atafikiri, wazee wakamcheka kwamba zile amri za wakati wa mkoloni, za kulazimisha watu kulima matuta mteremkoni, zimerudi, safari hii zimeletwa na mwanamke, hata hivyo akakiacha, na kiangazi kilichopita maji hayakukatika.

Sasa sikia balaa. Mwaka jana tuliletewa mgeni kutoka mkoani kuangalia shule inavyojitegemea, na kwa kuwa chemchemi iko nyuma ya kilima ambako gari halifiki, Mwalimu Mkuu akaamuru watoto wakate matawi ya miwati wayachomeke ardhini pande zote mbili za barabara, mabichi yanang'aa, mgeni akapita katikati taratibu, tukaimba, akasifu, tukapewa ngao, na matawi yalipokauka tukayapikia uji, hapo tu ndipo hatukupoteza kitu. Lakini mgeni wakati wa kuaga alisema atarudi kuona miti yake imefika wapi, na kweli ameandika kwamba anakuja, wiki ya Sabasaba.

Tangu barua hiyo ifike Baba Klara alikuwa hali chakula vizuri, mpaka juzi tukiwa tunakula makande akaniambia amepata njia, kwamba ile mikuyu ya chemchemi imefika kifuani, ndicho kimo cha mti wa mwaka mmoja, basi Jumamosi ya kabla ya mgeni mimi niwaongoze watoto tuing'oe tukaipande barabarani. Nikamwambia huu ni wakati wa kiangazi, itakufa yote. Akasema ife mgeni akishaondoka. Nikamkumbusha kwamba mgeni alionyeshwa miwati na hii ni mikuyu.

"Mgeni hakagui majani, Mama Klara," akanijibu. "Mgeni anahesabu miti."

"Na maji?"

"Wewe unafikiria maji, mimi nafikiria shule."

"Shule inakunywa nini?"

Akasukuma sahani. Baadaye akanieleza kwamba anatazamiwa kupewa kazi wilayani, na kwamba mwalimu anayeharibu ziara ya mgeni huitwa mpinga maendeleo, hata akiwa mke wa mtu, na mtu wa namna hiyo anaweza kujikuta amehamishiwa Mazinde bondeni peke yake.

Kilichoniuma zaidi ni Mama Mwanamisi, ambaye alizisikia habari kwa watoto, akanikuta nafungua stoo ya majembe, ambayo ufunguo wake ninao mimi, akaniuliza kama ni kweli, nami nikamjibu kwamba bado hakuna uamuzi. Akaitua ndoo yake chini.

"Mwalimu," akasema, "kile kishamba nilikuachia wewe. Angekuja mumeo nisingempa hata jani la kabichi."

Akajitwisha ndoo yake akaenda zake. Sasa Mshauri, nikikataa nimemwaibisha mume wangu mbele ya walimu wenzangu na nitahamishwa, nikikubali nitawapa watoto majembe wang'oe kile walichokinywesha maji ya mikono yao, na chemchemi irudi kukauka, na yule mama sijui nitamwamkia kwa uso gani. Nifanye nini? Tafadhali usichapishe jina langu.

Wako,
Mwalimu wa Kilimo, njia ya Soni

JIBU

Ndugu Mwalimu,

Umeniomba nifiche jina lako, kisha ukanitajia la mtoto, la jirani, na mahali mnapookota kabichi. Majina nimeyabadilisha. Kabichi nimeiacha, huko kwenu ziko kila mahali.

Pole. Nasema pole kwa moyo, maana wanawake wengi wana mabosi na wengi wana waume, lakini wewe umepewa wote wawili kwenye sahani moja ya makande. Mumeo si mtu mbaya. Amenaswa na vijiti alivyochomeka mwenyewe. Mimi shule niliishia mlangoni, ila barabara nimeiangalia sana, na nimeona mengi yakipandwa kando yake wiki ya wageni: migomba yenye mikungu, bendera, hata wazee. Niliona nyumba iliyopakwa chokaa upande wa barabarani tu. Mvua iliponyesha ikarudi kuwa nyumba.

Lakini na wewe nikuseme. Umeandika "tukaimba" kana kwamba wimbo ulijiimba. Nani aliwafundisha watoto wimbo huo? Na yule mama alipokuuliza swali la wazi ukamjibu kama dirisha la ofisi. "Bado hakuna uamuzi." Uamuzi wa nani? Yeye aliacha chakula chake ardhini kwa neno lako, wala hakusubiri kikao.

Na watoto usifikiri hawaoni. Mwaka jana walijifunza kwamba mti ni kitu cha kuonyeshwa. Umekuwa ukiwatoa somo hilo kichwani polepole, ndoo kwa ndoo. Jumamosi ukiwapa majembe, somo litarudi lote, na kuanzia Jumatatu hutakuwa na mdomo wa kumkanya hata anayetupa ganda la ndizi darasani. Atakuuliza kwa nini asitupe, nawe utatafuta jibu.

Basi fanya hivi. Mwambie mumeo, nyumbani, mkiwa wawili, kwamba hutawaongoza watoto. Sema mara moja, kwa upole. Usinune, wala usimnyime chakula. Mwanamume mwenye njaa hufikiria cheo zaidi. Mwombe amwambie mgeni ukweli: miti ya barabarani ilikufa, iliyo hai iko nyuma ya kilima. Hatasema, namjua bila kumjua, lakini asije akadai hakuambiwa. Wala usijidanganye kwamba mgeni atapanda kilima kuiona. Viatu vyao nimeviona. Barabara na iwe tupu, kama ilivyo.

Kisha nenda kwa Mama Mwanamisi. Shikamoo kwanza, halafu ukweli wote, bila kupunguza. Maji hayo ni ya kijiji, si ya shule, na mwenyekiti wa kijiji anakunywa hayo hayo, kwa hiyo mwende kwake pamoja, yeye mbele na wewe nyuma. Mwalimu anahamishwa kwa karatasi. Wa kumhamisha mama mwenye ndoo hajazaliwa.

Sikufichi, utaumia. Huenda Mazinde ukaiona. Meza yenu itakaa kimya muda mrefu, na ngao itakwenda kwenye shule yenye vijiti vinavyong'aa kuliko vyenu. Hakuna atakayekusifu kwa maji ambayo hayakukatika. Maji yakiwepo hakuna anayeuliza.

Jumamosi asubuhi funga stoo, ufunguo mpe Mama Mwanamisi aende nao kuchota maji. Mumeo akiuliza ufunguo uko wapi, usimdanganye. Mwambie uko kwenye chemchemi, aufuate mwenyewe, kwa miguu, na akienda abebe ndoo, kwa sababu nyumbani hakuna maji.