Neno Nililomwambia Mwenyekiti

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za watoto. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama na mguu wake wanaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua inamsaidia, na kwamba siku hizi anakubali kupakwa bila kugombana na nyumba nzima. Na koo lako je? Juzi nilikusikia redioni, sauti imekauka kabisa, nikamwambia shemeji yako kwamba huyu akiendelea hivi ataishia kuongea kwa mikono.

Utashangaa kupata barua ilhali tunakaa mji mmoja na simu zipo. Sababu ni kwamba nikikupigia, utaongea wewe. Nitaanza kusema, utanimalizia, tutacheka, tutaagana, nami nitabaki na langu mdomoni. Tumekuwa hivyo tangu tukiwa wadogo, ulipokuwa ukiniombea maji ugenini kana kwamba mimi sina ulimi. Barua huwezi kuikatiza. Ninaiandika kazini, kwenye chumba cha vifaa, wakati madaktari wamekwenda kula. Shemeji yako atakuletea kwa mkono leo hii hii, maana kesho haitafaa kitu.

Nimesikia mpango wa kesho. Wanawake wawili wa kikundi chako walipita hapa hospitali kuwaalika wauguzi. Walisema utasimama kwenye geti la bunge wakati sisi tunaochukua viti vipya vya wanawake tunaapishwa ndani, na utawaambia waandishi kwamba chama kimemchukua mdogo wako kwa nguvu, kikamkalisha kwenye kiti asichokiomba, ili wewe unyamazishwe. Walisema umeapa kulisema hilo kwa jina la mama. Niliwasikiliza huku nakunja mashuka, kisha nikakaa juu ya mashuka yenyewe.

Mwenyekiti wa chama anajua habari ya kesho, dada. Alinipigia simu asubuhi akicheka. Alisema mwacheni aseme, tena aseme kwa sauti, waandishi wakiwa wengi ndio vizuri zaidi. Kicheko kile ndicho kilichonikalisha kuandika.

Usidhani nimesahau viti hivi vimepatikanaje. Ni wewe uliyelala kwenye korido za wabunge mpaka walinzi wakakuzoea, wakawa wanakuuliza habari za watoto. Ni wewe uliyechana mashuka yako mazuri ya harusi ukayafanya mabango. Walipoviita viti vya huruma, uliwajibu kwamba wajionee huruma wao wenyewe, maana wamezoea kukaa bila kuulizwa na mtu. Nilicheka mpaka machozi. Na sheria ilipopita, ni wewe peke yako uliyeona tobo lililoachwa: kwamba watakaochagua wanawake wa kukaa humo ni vyama, si wanawake wenyewe. Ulipiga kelele, wakakuambia shukuru kwa ulichopata.

Lakini kuna jambo lingine ambalo sijawahi kukuambia. Unamkumbuka yule mama aliyefia kwenye meza yetu ya upasuaji, siku umeme ulipokatika na jenereta ikagoma? Nilikuja kwako siku ile, nikakueleza yote, nikalia. Wiki iliyofuata ukalisimulia mkutanoni. Ulisema alikuwa binti mdogo, mimba ya kwanza, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa kumwita mama yake. Dada, alikuwa mtu mzima, muuza viatu, ana watoto wanne. Maneno yake ya mwisho yalikuwa kuniuliza kama nimefunga mlango wa wodi, kwa sababu mkoba wake ulibaki huko. Ukatia chumvi, watu wakalia, wakapiga makofi. Mimi niliyemshika mkono mpaka ukapoa nilikuwa mstari wa nyuma, nami nikapiga makofi. Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nilikuonea wivu pia, niseme ukweli, kwa sababu wewe uliweza kulisema na mimi sikuweza.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Hakuna aliyenichukua. Hakuna aliyenifuata nyumbani wala kazini, wala kunitisha, wala kunivisha kilemba cha ukoka. Mimi mwenyewe, siku yangu ya mapumziko, nilivaa ile suti ya bluu uliyonishonea, nikaenda ofisi ya chama, nikakaa kwenye benchi mpaka nikaitwa, nikamwambia mwenyekiti kwamba nakitaka kiti kimoja. Ningependa kukuandikia kwamba nilikwenda kukuombea wewe, mambo yakageuka. Si kweli. Nilikwenda kujiombea.

Alinitazama sana. Akauliza kuhusu wewe, maana kazi yote ni yako na mji mzima unajua. Nikakubali kwamba ni yako. Ndipo akaniuliza, "Tukimpa dada yako, tutaweza kuelewana naye?"

Nikamjibu, "Hapana."

Ni kweli tupu. Wewe mwenyewe ungelisema neno hilo jukwaani kwa fahari na watu wangekushangilia. Lakini mimi nililisema mle ndani, mlango umefungwa, nikijua kabisa linakwenda kufanya kazi gani. Aliinuka akanipa mkono, nikaupokea. Sikusita, na hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Anadhani amejipatia bubu. Ameshanidokeza kwamba pendekezo lako la wanawake kuchagua wenyewe likiletwa tena, anatarajia nilipinge. Nilimwambia nitaangalia. Nitaliunga mkono, dada, hata kama ndilo litakalonitoa humo. Siliandiki hili ili unisamehe, wala usiniamini kwa maneno. Subiri uone. Ila kiti sikirudishi. Nakitaka. Nimeona aibu kuandika neno hilo, lakini nimeliandika na silifuti.

Ukisimama kesho ukasema nililazimishwa, mwenyekiti atanitoa nje na kunisimamisha mbele ya vipaza sauti hivyo hivyo, aniulize kama ni kweli. Siwezi kusema uongo pale, nami sitaki. Utakuwa umeapa kwa mama juu ya jambo ambalo mdogo wako analikana mbele ya watu, na wale waliokuita mropokaji miaka yote hii watapata sherehe. Anaisubiri kesho kama mtoto. Usimpe.

Sema kilichotokea. Sema kwamba aliyekuzunguka si chama, ni mimi. Barua hii nimeitia saini ili isiwe maneno ya mtaani. Ukitaka, isome pale getini neno kwa neno, na habari ya yule muuza viatu ukiisoma, isome kama ilivyo. Wanawake wale walisimama juani pamoja nawe, wana haki ya kujua. Nitakuwa ndani nimeinua mkono naapa, na ukumbi ule madirisha yake yanatazama getini. Nitakusikia, na wote watakusikia. Wakinigeukia kuniuliza, nitasema ndiyo, ni mwandiko wangu.

Nisalimie mama sana. Mwambie nitakuja mwenyewe Jumapili kumweleza, kama nitafunguliwa mlango. Wabusu wanao. Shemeji yako hajui kilichomo humu, anadhani ni mambo ya dawa ya mguu, kwa hiyo usimfokee, mpe maji ya kunywa aondoke.

Pale getini asubuhi kuna baridi kali, na koo lako ndilo hilo. Vaa koti.

Ni mimi,
Mdogo wako