Kiti Changu cha Nyuma

Shariffa, nimesalitiwa mwenzangu! Na Nasr, mjukuu wangu mwenyewe!

Ile gari ndogo ya Kijapani ya marehemu mume wangu nilimpa anipeleke Al Amerat kwa dada yangu kila Ijumaa. Leo kaja nayo imeshushwa chini karibu iguse lami, inanguruma mpaka majirani wametoka. Nafungua mlango wa nyuma, kiti hakuna! Kiti changu, Shariffa! Kakitoa, na cha abiria cha mbele pia!

"Bibi, nimepunguza uzito. Mchezo huu wa mbio za magari ndivyo ulivyoanza, vijana Marekani na vigari vya wazee wao."

Uzito! Uzito ndo mimi?

Haya, nkutegee kitendawili: gari yangu, dereva mjukuu wangu, nami sina pa kukaa.

Dada kapiga simu, anauliza tumefika wapi. Nimemwambia nnaumwa miguu. Ntamwambiaje ni Nasr?