Baba na vifungo vya koti

Shoga, tumetoka kumwombea baba ule msaada wa ulemavu. Nimechoka.

Mikono inamtetemeka, daktari kashasema ni Parkinson, ushonaji kaacha, cherehani imefunikwa. Dada wa ofisini anamuuliza, "Mzee, unaweza kuvaa mwenyewe?"

Akajibu, "Mimi ndiye ninayevalisha watu."

NINAYEVALISHA WATU! Na asubuhi nimemfunga vifungo mimi!

Nikamkanyaga mguu. Akauliza kwa sauti, "Mbona unanikanyaga?"

Dada akaweka kalamu chini. "Basi mzee, msaada wa nini?"

Nikasema, "Baba, vua koti, kuna joto."

Akahangaika na kifungo cha kwanza, weee. Nikajikaza nisimsaidie.

Mwishowe baba akasema polepole, "Hili koti nimelishona mwenyewe."

Dada akaokota kalamu.