Wataalamu Kumi na Mmoja na Mkataba wa Josiane

Frankfurt, Alhamisi

Mdogo wangu Josiane,

Hoteli ni nzuri, ila supu yao ni maji yaliyopewa jina.

Jana wakubwa wa bima walituita sisi wawakilishi wa wateja tutoe maoni kuhusu kanuni mpya za Ulaya. Kumbukumbu za kikao zilikwisha kuandikwa, hata kabla hatujaketi, kwamba tumeridhika. Nikatoa mkataba wako wa bima ya nyumba.

"Mabwana, nionyesheni kama mafuriko yamo."

Wataalamu kumi na mmoja wakapekua kwa dakika kumi na mbili.

"Mama Ghislaine, hilo si swali la leo," mwenyekiti akasema.

"Mdogo wangu alitakiwa kulijibu akiwa juu ya paa, maji yamejaa nyumbani, mheshimiwa."

Hakuna aliyepata jibu. Nikagoma kuzitia sahihi kumbukumbu mpaka waandike hivyo, na wameandika. Mwakani hawatanialika. Nitaikosa supu.

Ulisema umechoka, na kwamba kampuni imekuletea fomu ya kukiri kuwa mkataba uliuelewa. Usiitie sahihi, Josiane. Wataalamu wenyewe hawakuuelewa, na karatasi inayosema hivyo ninayo mkobani.

Nakuja nayo Jumamosi. Waambie wasubiri.

Dada yako,
Ghislaine