Filamu za Ujiji

Ujiji, 6 Machi 1955

Kaka Lukumani, shikamoo.

Natumaini wewe na shemeji Tatu hamjambo, na studio yako ya picha hapo Gongoni inapata watu. Huku mimi, mke wangu Swaumu na mama tu wazima, joto tu linatuchosha.

Nimepata kazi kwa Mzungu anayechunguza samaki wa ziwa. Tunamwita Bwana Samaki, na yeye anajua. Ninazama kumkamatia samaki wanaoishi kwenye mawe, wakiwa hai. Ameniazima miwani ya kuzamia. Kaka, wewe ulipelekwa kwa mjomba Tabora ukiwa mdogo, lakini hata mimi niliyebaki nimegundua kwamba ziwa hili nilikuwa silijui. Kuna samaki anayeficha watoto wake mdomoni akiona hatari, kisha anawatema mmoja mmoja. Nimemsimulia mama, akasema nimeanza kuvuta bangi.

Nataka kupiga picha. Bwana Samaki huchora kwa penseli tu, na anasema hata picha moja ingemfaa. Wewe ndiye fundi wa picha ninayemjua. Nianze na kamera gani, na mwanga nitaupata wapi huko chini?

Mdogo wako,
Abasi


Gongoni, Tabora, 21 Machi 1955

Mdogo wangu Abasi, marahaba.

Sisi hatujambo, ila shemeji yako anasumbuliwa na jino. Barua yako ilinichekesha, kisha ikaninyima usingizi.

Usinunue kamera ya fahari. Anayeanza lazima ataua moja kwa maji, kwa hiyo iwe ile utakayoweza kuizika bila kulia. Nakutumia ile ndogo niliyoanzia kazi. Haina mambo mengi, na ndani ya kisanduku hutaweza kuyachezea hata yangekuwepo. Fundi bati akutengenezee kisanduku chenye kioo kinene mbele, na mfuniko ubanwe kwa skrubu juu ya mpira wa tyubu ya gari. Kabla ya kuweka kamera, kizamishe kitupu kikiwa na karatasi ndani. Karatasi ikitoka kavu kila mara, ndipo ukiamini.

Majini kila kitu huonekana karibu kuliko kilivyo. Usipime umbali kwa kamba. Fuata jicho lako, maana kamera nayo inadanganywa vilevile. Na usogee. Samaki akiwa mbali utapata ukungu mtupu.

Mwanga, anza na jua la saa sita, pasipo na kina. Taa ya flashi ije baadaye, kwa kuwa globu zake huungua mara moja tu na unatupa. Ukiipata usiifunge juu ya kamera. Iweke pembeni, kwenye mkono wa chuma, la sivyo itamulika vumbi la majini na picha itakuwa kama mtu amemwaga mchele.

Filamu nitumie kwa treni, nitazisafisha mwenyewe.

Kaka yako,
Lukumani


Ujiji, 12 Juni 1955

Kaka, shikamoo.

Jino la shemeji linaendeleaje? Mama anawasalimu.

Kisanduku cha kwanza kilivuja nikashukuru kwamba ndani ilikuwa karatasi. Cha pili ni kikavu kabisa. Filamu ya kwanza nimemkabidhi Damas wa reli, atakuletea mkononi. Ndani yumo yule samaki wa watoto. Nilishikilia jiwe kwa mkono mmoja ili nisielee, nikangoja mpaka kifua kikataka kupasuka, akafungua mdomo. Nina hakika nimempata. Niandikie upesi, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Abasi


Tabora, 9 Julai 1955

Mdogo wangu, marahaba. Hatujambo.

Pole sana. Picha zimetoka nyeusi zote, hazina kitu. Nadhani mwanga haukutosha. Jaribu tena, na kama unaweza tafuta taa.

Kaka yako,
Lukumani


Ujiji, 2 Oktoba 1955

Kaka, shikamoo.

Nyumbani hawajambo, mimi nusu nusu. Ile filamu ya pili nayo uliponiambia nyeusi, siku ile sikwenda ziwani. Kisha Bwana Samaki akaniagizia taa ya flashi. Nimeiweka pembeni kama ulivyosema. Samaki wa kule juu wamenijua kiasi cha kunikimbia, kwa hiyo sasa nashuka chini zaidi, penye giza.

Sikio la kushoto limetoa damu. Swaumu ameniomba niache. Nimemwambia bado filamu hii moja, kaka yangu ataniambia kosa liko wapi.

Mdogo wako,
Abasi


Tabora, 30 Oktoba 1955

Mdogo wangu, marahaba.

Pole kwa sikio, paka mafuta ya moto. Filamu imeingia maji. Usivunjike moyo, endelea kuleta. Wala usimpe mtu mwingine kuzisafisha, ataziharibu.

Kaka yako,
Lukumani


Ujiji, 15 Januari 1956

Kaka Lukumani, shikamoo.

Naomba Mungu mna afya. Juzi Bwana Samaki alipata bahasha kutoka kwa mkubwa mmoja wa serikali huko Tabora. Ndani mlikuwa na picha kubwa ya samaki akitema watoto wake. Mkubwa huyo alimwandikia kwamba kuna mpiga picha hodari wa Gongoni aliyeshuka ziwani kuipiga. Nyuma kuna mhuri wa studio yako.

Kwenye pembe ya picha kuna mkono ulioshika jiwe. Kidole cha shahada kimepinda. Kaka, wewe ulikuwepo siku kidole hiki kilipovunjwa na mchi, kabla hujapelekwa Tabora. Ulinibeba mgongoni mpaka kwa mganga.

Sikumwambia Bwana Samaki kitu. Nilirudi nyumbani, nikazisoma upya barua zako. Kila ulipoandika kwamba ni nyeusi, mimi nilirudi majini. Sikio hili halisikii tena, Swaumu akiniita upande huo sigeuki. Nataka uniandikie wewe mwenyewe: ni filamu ngapi zilitoka?

Mdogo wako,
Abasi


Tabora, 29 Januari 1956

Mdogo wangu Abasi, marahaba.

Zilitoka zote.

Ile ya kwanza niliiweka kwenye kabati la kioo mlangoni, kati ya picha ya bwana harusi wa Nzega na ile ya mafrateri wa seminari ya Kipalapala, nikiwa na nia ya kukuandikia kesho yake. Yule mkubwa akapita. Akauliza, "Nani aliyepiga hii?" Nikasema, "Mimi." Neno lilitoka kabla sijalipima. Miaka yote mtu huyo alipita mlangoni pangu bila salamu, na siku ile aliketi kwenye kiti changu akaomba maji ya kunywa. Baada ya hapo ningekuambiaje kwamba zinatoka?

Sasa sikiliza. Jumamosi tarehe 18 Februari anakuja Kigoma na wageni, na anataka nishuke mbele yao. Mimi sijui kuogelea. Nitasema nimebanwa na kifua, wewe ushuke kama kijana wangu wa kazi. Sifa tutagawana nyumbani, kimyakimya. Nina watoto, Abasi, na mji mzima unanijua kwa picha hizo. Usiniaibishe.

Kaka yako,
Lukumani


Ujiji, 20 Februari 1956

Kaka Lukumani, shikamoo.

Sikuijibu barua yako kwa sababu nilitaka kukujibu uso kwa uso. Jumamosi nilikwenda stesheni ya Kigoma nikiwa nimevaa kanzu safi. Walishuka wageni wote. Wewe hukushuka. Yule mkubwa alisema umepata homa dakika za mwisho.

Walikuja mpaka ufukweni hivyo hivyo, maana vyombo vilikuwa tayari. Bwana Samaki aliuliza nani atashuka. Nilichukua ile picha mezani pake, nikaweka mkono wangu kando ya ule mkono.

"Aliyepiga ni mimi," nikasema.

Mkubwa aliutazama mkono, akaitazama picha. Hakuniomba radhi wala hakunikaripia. Alisema tu, "Basi shuka."

Nilishuka. Sikio liliuma mpaka nikaona nyota, lakini samaki alikuwepo.

Jioni Bwana Samaki alifungua chumba cha giza alichokitengeneza tangu ile bahasha ifike, tukaisafisha filamu ya siku ile wenyewe. Mwaka mzima nimepiga picha, na sikuwahi kuona hata moja ikitokea. Karatasi ilikuwa nyeupe kwenye sinia la dawa, kisha likaja jicho, kisha taya, kisha watoto wadogo wadogo kama punje. Kabla sijafikiri niligeuka upande nikuite uje uone. Alikuwepo Bwana Samaki tu, ananiangalia.

Yule mkubwa ameondoka na picha hiyo, na jina langu limeandikwa nyuma. Atakuja kwako, nadhani. Utakalomwambia ni lako.

Mama alikuwa amekupikia. Aliniuliza mbona hukuja, nikamwambia una homa. Huo ndio uongo wa mwisho nitakaousema kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Abasi