Kuni za Masika

Ijumaa. Mvua imekatika mchana lakini mawingu hayajaondoka. Kutoka hapa kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, siioni milima kabisa, na moyoni ni hivyohivyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Mama anajua cha sokoni, cha kuwauzia Wakongo unga wa muhogo, lakini herufi hazijui. Baba yuko Kasese mjini kwenye karakana ya useremala, huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hapa naweza kusema. Kwa mdomo siwezi. Hata darasani nikiulizwa swali hujibu nikilitazama dawati.

Leo nimeita matanga ambayo hayakuwepo.

Yalianza na kitabu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa riwaya ya kusoma likizo, pamoja na swali ambalo nitalijibu mbele ya wenzangu shule ikifunguliwa: kwa nini hadithi za shida na mapenzi huwagusa sana vijana? Wiki iliyopita niliandika jibu zuri. Niliandika kwamba zinatufunza uvumilivu, zinatupa matumaini, zinakuza huruma. Nilipoyasoma tena yalifanana na maneno ya kwenye kalenda ya ukutani.

Hadithi yenyewe ni ya kijana mpasua kokoto na msichana anayeuza chapati kandokando ya barabara. Wanapendana bila kuwa na kitu. Kijana anakwenda mbali machimboni kutafuta, na akiwa huko msichana anaugua. Sitasema zaidi, isipokuwa kwamba nimekuwa nikiisoma kwa sauti pamoja na Kavira.

Kavira ndiye rafiki yangu. Alivuka mto wa mpakani kutoka upande wa Beni, Kongo, na shangazi yake, vita vilipofika kijijini kwao, na sasa tunakaa dawati moja. Majina yetu ni jina moja. Kwetu mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na msichana wa pili upande huu ni Biira, upande wao ni Kavira. Wa kwanza ni Masika, pande zote mbili.

Kwa hiyo mtu yeyote wa hapa akisikia naitwa Biira anajua nina dada. Wamezoea kuniuliza ameolewa wapi. Huwa najibu, yuko mbali. Ni kweli kwa namna fulani. Najua tu kwamba alikufa kabla sijazaliwa. Baba aliniambia siku moja nikiwa mdogo, kisha akaniambia nisimuulize mama. Sijawahi kuuliza. Nyumbani kwetu jina hilo halitamkwi, na majirani, kwa kumheshimu, humwita mama kwa jina langu mimi. Mama Biira.

Leo ilikuwa siku ya soko, mama akaenda na beseni lake la unga ingawa mvua ilikuwa inatisha. Kavira akaja. Tulikaa chumbani, mvua inapiga mabati mpaka ikabidi nisome kwa kupaza sauti. Tukafika pale ambapo kijana anarudi na viatu alivyomnunulia mpenzi wake, anakuta ameshazikwa. Anachuchumaa kando ya kaburi, anaanza kulieleza jinsi alivyobishana na muuza viatu mpaka akapunguziwa bei.

Nilianza kulia mimi. Ni kawaida yangu. Kavira kwa kawaida hunicheka.

"Weye unaliaka bure," huniambia. "Watu wa kitabu habana njaa."

Leo hakucheka. Aliugusa ukurasa kwa kidole, akasema, "Huyu iko na bahati. Iko na kaburi ya kuongea nayo."

Baba yake alibaki kijijini ile siku waliyokimbia. Hawajui alipo, wala kama alizikwa. Alikuwa ameniambia hilo mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja habari za hali ya hewa.

Kisha akalia. Sijawahi kusikia mtu wa umri wetu akilia vile. Alilia kama wanavyolia wanawake wakubwa, mikono kichwani, akiita "papa, papa" na sauti ikipanda. Nikamkumbatia nikalia naye. Tuliacha sauti zitoke kwa sababu mvua ilikuwa imetufunika. Hakuna aliyeweza kutusikia.

Mvua ikakatika ghafla, kama inavyofanya huku. Kilio chetu kikabaki peke yake mlimani.

Mama Thembo, jirani yetu wa juu, ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, mzigo wa kuni kichwani. Kwetu ukisikia kilio cha namna ile huulizi, unachukua kuni unakwenda, kwa sababu matanga yanahitaji moto na mwenye msiba hawezi kufikiria kuni. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili na mzee mmoja aliyekwishaanza kutafuta uani mahali pakavu pa kuwashia. Mama Thembo alitua mzigo, akaniona mlangoni, akajishika kifua.

"Mwanangu, ni baba yako?"

Nilitikisa kichwa. Niliinua kitabu nikamwonyesha, na ndilo jambo la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kufanya. Alikitazama kitabu, akamtazama Kavira ambaye macho yake yalikuwa yamevimba, akakitazama tena.

"Mnalilia karatasi?"

"Wamesoma mpaka wameua mtu," akasema mmoja wa wale wanawake, na mwingine akaanza kucheka akiziba mdomo.

"Nimeacha maharage motoni," akasema Mama Thembo. "Maharage ya kweli. Yanaungua sasa hivi kwa ajili ya marehemu ambaye hayupo."

Hata mimi nilikuwa karibu kucheka. Ndipo mama akatokea kwenye njia.

Aliona yote kwa mara moja. Wanawake waliojifunga leso. Kuni uani kwake. Mzee ameinamia ardhi anapanga mawe. Mimi hakuniona, nilikuwa nimefichwa na mgongo wa Mama Thembo. Beseni lilimtoka kichwani na unga uliobaki ukamwagika kwenye tope.

Mama akaita, "Masika."

Hakuita Biira. Hakumwita baba. Alipiga magoti pale kwenye unga akaita jina ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake, kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa imekaa humo miaka yote, tayari.

Hakuna aliyecheka tena.

Nilikimbia nikamshika. Alinipapasa uso na mabega, kisha akanisukuma. Mama Thembo akamweleza taratibu, akijilaumu mwenyewe kwa kutouliza, na Kavira akaongeza habari za kijana wa kitabuni, viatu vyake na kaburi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nami bila kunitazama.

"Hicho kitabu kirudi kwa mwenyewe. Na kingine cha namna hiyo kisiingie kwangu."

Wanawake wakaondoka kimyakimya. Kavira akaondoka nao, amejifunika leso ya mmoja wao. Mama Thembo aliziacha kuni. Alisema hawezi kurudi nazo, akikutwa njiani na kuni za matanga itakuwa kama anaupeleka msiba nyumbani kwake.

Nikakaa chumbani na kitabu mapajani. Nilikuwa naogopa, na si kwa ajili ya kipigo. Niliogopa kwamba nimefungua kitu ambacho mama alikuwa amekifunga ili aweze kuishi, na kwamba sasa atakifunga tena, na mimi nitabaki nje yake milele.

Ilipokaribia jioni nilisikia kuni zikivunjwa. Nilitoka. Mama alikuwa anazipanga katikati ya uwanja, kwenye yale mawe ya yule mzee.

"Mama, jikoni kuna makaa," nikasema.

"Sipiki."

Akawasha. Kuni zilikuwa na unyevu, moshi ukawa mwingi. Akaketi chini, miguu imenyooshwa, kama wanavyoketi wenye msiba. Nami nikaketi. Akaanza kuzungumza akiutazama moto.

"Tulikuwa bado tunakaa kule juu milimani, Bwesumbu, kwa nyanya yako. Alipata homa. Nikambeba mgongoni kumshusha hospitali, mvua kama ya leo. Alikuwa analia njia nzima. Halafu akanyamaza. Nikafurahi, nikasema amepata usingizi." Aligeuza ukuni mmoja. "Nikapunguza mwendo, nisimwamshe."

Nikaupuliza moto.

"Wakamzika siku ileile. Wakasema mtoto mdogo hivyo haketishiwi matanga. Hakuna aliyeleta hata kijiti. Nyanya yako akaniambia nisilie, nitafunga tumbo, wengine wasije. Sikulia. Ukaja wewe."

Moshi ulikuwa unatuingia machoni sote wawili na hakuna aliyesogea.

Baadaye akauliza, "Huyo wa viatu ambaye Kavira alisema mnamlilia. Alipomaliza kuongea na kaburi alikwenda wapi?"

"Sijui, mama. Hatukufika mwisho."

"Lete."

Nikamsomea, nikigeuza kila sentensi kwa lugha yetu. Mimi ambaye siwezi kusoma sala mbele ya watu. Nilikwama mara nyingi, naye akawa ananisubiri. Palipokuwa na mapenzi aliguna kidogo. Palipokuwa na njaa alitikisa kichwa kama mtu anayemjua mhusika. Yule kijana hakwenda popote. Aliviacha viatu pale, akarudi kupasua kokoto, na kila mchana hununua chapati kwa muuzaji mwingine wala hazili. Kitabu kimeishia hapo. Mama alisema, "Ndivyo," basi.

Mama Thembo aliuona moto kutoka kwake. Nilimwona akishuka, na nikaogopa atauliza nani tena. Hakuuliza. Aliongeza kuni mbili, akaketi upande wa pili wa mama, akavuta leso kichwani.

"Pole," akasema. "Pole, Mama Masika."

Mama akalia. Hapo ndipo alipolia.

Mama Thembo hakurudi kwake; sasa yeye na mama wamelala. Nimelirudia swali la mwalimu na nimelifuta lile jibu la kalenda. Nadhani hatuwalilii watu wa kitabuni, Kavira alisema kweli, wao hawana njaa. Kila mmoja wetu amebeba kilio ambacho aliambiwa si wakati wake, au hakina kaburi, au ni cha mtoto mdogo mno. Kitabu hakikuulizi nani amekufa. Kinakuacha ulie.

Sijui kama nitaweza kusema hivyo mbele ya darasa. Mama hajasema tena kwamba kitabu kirudi, wala hajasema kibaki. Sijui pia kama amepata nafuu leo au nimemjeruhi. Uso wake usiku huu siujui.

Kufagia uwanja kila asubuhi ni kazi yangu. Ila majivu ya matanga hayafagiwi mpaka mwenye msiba aseme yamekwisha.

Kesho nitaamka mapema kama kawaida, na ufagio sitaugusa.